Mji wa Daftari na Jembe

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja hosteli anaandika riwaya. Amebuni mji jangwani, mto unapita ubavuni mwake, na sheria ni moja: kila raia asome na kila raia awe na ufundi. Juzi alinisomea sura ya kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, mji wa hivi haujawahi kuwepo duniani." Nikamjibu kwamba kwetu Nachingwea ulikaribia kuwepo. Alicheka mpaka akamwaga chai. Kwake yeye Nachingwea ni korosho basi.

Ngoja niwaelezee na ninyi. Mimi ni wa Naipingo. Kwetu si jangwa, ni pori la miombo, ingawa kiangazi kikikolea vijito vingi hubaki mchanga mtupu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, wakachagua sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Pori likafyekwa kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kuja kwetu. Zilikwenda pauni zaidi ya milioni 35, na mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono. Walileta mashine kabla hawajaujua vizuri udongo wala mvua, na wenyeji waliovijua hawakusikilizwa. Reli nayo ikaja kufungwa.

Mashamba yale yaliitwa kwa namba. Moja wapo, Farm 17, likapata maisha ya pili. Kuanzia 1965, kwa ridhaa ya serikali ya Mwalimu Nyerere, FRELIMO waliligeuza kuwa kambi yao kuu ya mafunzo dhidi ya Wareno. Walikuja vijana wa Kimakonde, Kimakua, Kinyanja na wengineo, wengi hawajawahi kushika kalamu. Mafunzo ya silaha yalikwenda sambamba na kusoma, kuandika, siasa na kilimo. Aliyekuwa na madarasa machache alimfundisha asiye nalo hata moja, na wote walishika jembe. Samora Machel, aliyeiongoza kambi hiyo, kwa taaluma alikuwa muuguzi. Mwaka 1967 waliletwa wasichana 25 wafunzwe kama wanaume, na huo ukawa mwanzo wa Kikosi cha Wanawake. Mwezi Mei 1975 Samora aliaga Nachingwea, akavuka Ruvuma, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru.

Oneni tofauti. Ardhi ni ileile. Wa kwanza walikuwa na fedha na vyuma, wakashindwa ndani ya miaka minne. Wa pili walikuwa na daftari na jembe, tena daftari lenyewe la kugawana, na wakatoka na nchi.

Lakini nisiwauzie pepo. Mwaka huohuo 1975, katika kambi hiyohiyo, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma hadharani maungamo ya usaliti. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Mji uliomfundisha kila mtu kusoma haukumruhusu kila mtu kubisha. Hilo nalo ni somo, na mimi nadhani ndilo gumu zaidi.

Sasa tujiangalie sisi. Tunapiga msuli usiku kucha, tunatema kwenye UE, wiki ya pili tumesahau. Wapo wa mwaka wa tatu uhandisi ambao hawajawahi kufungua mota kwa mikono yao, na field wametumwa kununua chapati. Hapohapo, kwenye korido ileile, kuna mtu anayejua kuchomelea, mwingine kushona, mwingine kutengeneza simu, na hakuna anayewauliza kitu. Tukingoja karakana ya mabilioni tutakuwa watu wa karanga. Chama chetu cha wanafunzi kinaweza kuanza na Jumamosi moja kwa wiki: anayejua amfundishe asiyejua, na asiyekubaliana na mwalimu aruhusiwe kusema.

Jamaa yangu sasa anaandika sura ya pili. Nimemwomba jambo moja tu: katika mji wake, pembeni ya karakana na darasa, aweke kibaraza ambapo mtu anaweza kumbishia mkuu wa mji, kisha akarudi kwake kulala.