"Nani" ya Kijapani na "Nani" ya Goma

Kikosi cha Japani kilipofika Goma mwaka 1994 kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda kwa tiba na maji safi, zilikutana lugha mbili zenye neno moja la kuulizia. Katika Kiswahili, *nani* huulizia mtu. Katika Kijapani huulizia kitu, na mtu huuliziwa kwa *dare*. Mjapani aulizaye "nani?" akionyesha jeraha huweza kutajiwa jina la aliyejeruhi, na kambini jina moja lingeweza kumponza mtu.

Mpangilio nao hutofautiana. "Doko e ikimasu ka?" ni "Unaenda wapi?": *doko* hutangulia kitenzi, *wapi* hukifuata; *ka* hufunga swali, ilhali *je* aghalabu hulifungua. *Naze* ni "kwa nini", ambayo wenyeji wa Goma husema "juu ya nini".