Kukaza Springi Hakuifanyi Shokapu Iwe Ngumu

"Fundi, nikaze mpaka jino la ngapi ili iwe ngumu?" Anauliza dereva wa boda, anauliza bwana shamba anayezunguka vijijini na pikipiki ya porini, anauliza mzazi ambaye mwanawe anashindana kwa pikipiki ya 65cc. Jibu ni lile lile: hakuna jino la ugumu. Ringi inayokaza springi haikuwekwa kwa kazi hiyo, na imani kwamba inaifanya shokapu iwe ngumu inaharibu pikipiki na kuumiza migongo.

Tupige hesabu. Chukua springi inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 5. Ikibeba kilo 150, itabonyea milimita 30. Sasa kaza ringi milimita 10. Mzigo haujabadilika, kwa hiyo springi bado imebonyea milimita 30. Ila 10 umezibonyeza wewe kwa spana, na pikipiki imeshuka kwa 20 zilizobaki. Kiti kimepanda, basi. Likija jiwe likaongeza kilo 50 juu ya springi hiyo, kabla ya kukaza ingebonyea milimita 10 zaidi. Baada ya kukaza, itabonyea milimita 10 zaidi. Huo ugumu uko wapi? Ukiweka matofali chini ya miguu ya kitanda, kitanda kitainuka, lakini godoro ni lile lile.

Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Spana haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Springi ambazo mizunguko yake imebanana upande mmoja zinabadilika kidogo, kwa kuwa ile iliyobanana hugusana mapema. Hata hizo hazigeuki kuwa springi nyingine.

Najua kwa nini imani hii haifi. Ukikaza kisha ukapita kwenye shimo, shokapu haigongi upesi kama jana. Ni kweli, kwa sababu umeanza safari ukiwa juu zaidi. Lakini nafasi hiyo umeitoa upande wa pili: gurudumu limebaki na nafasi ndogo ya kushuka. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, tairi linaruka kilele hadi kilele bila kufuata bonde, na breki ya nyuma inakosa cha kushika. Mkia ulioinuka unafanya usukani uwe mwepesi mno, na kwenye mchanga pikipiki inaanza kuyumba. Halafu unaniambia barabara ni mbaya.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba wengi wanaokaza hawana tatizo la springi kabisa. Wanalalamika pikipiki inadunda. Bonyeza mkia kwa nguvu, uachie: unatakiwa kupanda mara moja na kutulia. Ukiendelea kunesa, itazame fimbo ya kromu. Utaikuta imelowa oili, na vumbi limegandamana nayo kama uji mweusi. Sili imekufa, oili imetoka, na oili ndiyo inayotuliza springi. Ukikaza hapo, unaikandamiza zaidi springi ambayo haina tena wa kuizuia.

Sasa fanya hivi. Jaza upepo wa tairi sawasawa kwanza. Inua gurudumu la nyuma lisiguse chini, upime kutoka kwenye ekseli hadi alama kwenye madigadi. Shusha pikipiki, panda na vyote unavyoendeshea, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu kupanda na kushuka. Yamaha TT-R125, yenye milimita 168 nyuma, inataka kama 50 hadi 55. Hapo ndipo ringi inapofanya kazi yake. Kisha shuka, upime pikipiki ikiwa tupu. Kama kipimo chako ukiwa umepanda ni sahihi lakini ikiwa tupu karibu haishuki kabisa, springi yako ni laini mno kwa uzito wako. Nunua ngumu zaidi. Mwenye boda, kaza unapobeba mzigo, legeza ukishashusha, na pande zote mbili ziwe kwenye jino lile lile. Kama kuna skrubu ya kudhibiti kurudi kwa springi, igeuze mibofyo miwili tu kila mara, ujaribu njia ile ile. Shokapu za mbele zipewe oili yake, nyingi ni 10W, kiasi sawa kulia na kushoto. Oili ya injini ya 20W-50 usiitie humo. Na shokapu ya nyuma yenye gesi ya naitrojeni usiifungue kwa spana ya mtaani: ina mgandamizo mkubwa, na kifuniko kikiruka kinatoboa uso. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuitoa gesi na kuijaza tena.