Kichocho: Kosa si la Bonde

Mwezi Aprili 2002 Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lina hekta zipatazo 796,000. Mto hufurika wakati wa masika, na maji yapunguapo watu hupata mpunga na samaki. Humo wamo viboko, mamba na sheshe, yule swala wa majanini. Zamani ilikadiriwa kuwa karibu robo tatu ya sheshe wote duniani waliishi hapo. Siku hizi wamepungua sana kwa ujangili, mifugo na mashamba.

Wapo wasemao, "Bonde hili ni la magonjwa tu, afadhali lilimwe lote." Ndugu msomaji, tuutazame ugonjwa mmoja, kichocho, tuone kosa ni la nani.

Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka katika mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono hutoa vijidudu vingine vingi visivyoonekana kwa macho. Hivyo hupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye nguo, avuaye samaki au apandaye mpunga. Basi konokono hana kichocho mpaka binadamu ampe. Tusiwasingizie viboko wala sheshe. Na tukililima bonde lote, konokono atahamia katika mifereji na majaruba yetu.

Dalili zake ni mkojo wenye damu, hasa mwishoni mwa kukojoa, na maumivu chini ya kitovu. Kisipotibiwa huharibu kibofu na figo, huweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa akina mama huweza kusababisha utasa.

Wazazi, wasikilizeni watoto. Utafiti wa wilayani Kilombero uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba majibu ya wanafunzi yalisaidia kutambua shule zilizoathirika zaidi.

Tufanye nini?

1. Kila nyumba iwe na choo, na kitumike. Hata shambani na kambini kwa wavuvi, mtu asijisaidie majini.

2. Maji ya mtoni ya kuogea yakae katika chombo siku 2 kamili kabla ya kutumiwa. Ya kunywa yachemshwe.

3. Watoto wasiogelee mtoni. Licha ya kichocho, mamba wapo.

4. Mwenye dalili aende zahanati mapema. Dawa ya prazikwanteli hutibu, lakini akirudi katika maji yale yale ataambukizwa tena.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Tumezoea kulima, kutunza tumekusahau. Familia itumiayo choo huwalinda watoto wake, na huwalinda pia majirani wanaochota maji upande wa chini wa mto.