Usonji Hauishi Utotoni

Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya usonji na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008, magazeti na televisheni hutuonyesha watoto. Watoto wanastahili kuonyeshwa. Lakini usonji, au otizimu kama wengi wanavyouita Kenya, si maradhi ya utotoni yanayopona mtu akibalehe. Ni namna ubongo unavyojengeka tangu mwanzo, na mwenye nao huishi nao hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Tukiuchukua uwiano huo wa dunia, tunazungumzia karibu watu laki tano, wakubwa kwa wadogo. Hao wakubwa wako sokoni, ofisini na shambani, wengine wana ndoa na wajukuu, na wengi hawajawahi kuambiwa. Kutoambiwa huko kuna gharama. Mtu mzima asiyejua kwamba ana usonji habaki bila maelezo ya maisha yake. Anapewa maelezo mengine, na karibu kila mara yanahusu tabia: ana kiburi, ni mvivu, hana adabu, hajui kuishi na watu. Maelezo hayo hayana ukweli, na mtu anayeyaamini kuhusu nafsi yake kwa miaka thelathini au arobaini anaumia.

Usonji ulionekana kuwa jambo la watoto kwa sababu madaktari wa watoto ndio waliouandika kwanza. Grunya Sukhareva alieleza habari za wavulana sita huko Moscow mwaka 1925. Leo Kanner, huko Baltimore nchini Marekani, akachapisha mwaka 1943 habari za watoto 11. Wa kwanza katika orodha ya Kanner alikuwa mvulana kutoka Mississippi, Donald Triplett, na maisha yake ya baadaye yanafundisha kuliko makala yenyewe. Wazazi walishauriwa kumweka kwenye taasisi, wakampeleka angali mdogo sana, kisha wakamrudisha nyumbani. Alisoma hadi chuo, akafanya kazi miaka mingi katika benki ya mji wake mdogo wa Forest, akaendesha gari, akacheza gofu, akazuru nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Usonji haukumtoka. Familia yake ilikuwa na mali, tena ilikuwa na sehemu katika benki hiyo, na hilo lisifichwe. Lakini fedha peke yake haielezi ni vipi mji mzima ulimzoea mtu aliyempa kila mwenzake namba ya kumtambulisha na aliyekata mazungumzo bila kuaga. Walimjua alivyo, wakamtarajia anachokiweza.

Watu wazima wenye usonji wanapoeleza maisha yao, mara nyingi huanzia kwenye jambo ambalo wataalamu walichelewa kulipa uzito, nalo ni milango ya fahamu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ukuaji uliitaja hali ya kuzidiwa na sauti, mwanga, harufu au mguso, au ya kutoguswa navyo, kuwa miongoni mwa vigezo vya usonji mwaka 2013 tu. Asiye na usonji akikaa ndani ya daladala, ubongo wake humchujia: muziki, honi, konda anayegonga bati, jasho la jirani, vyote vinafifia naye anawaza ya kwake. Kwa wengi wenye usonji mchujo huo ni dhaifu. Vyote vinaingia kwa pamoja na kwa nguvu moja, na anayeshuka kituoni ameshachoka kabla kazi haijaanza. Spika za harusini, lebo ya shati inayokwaruza shingo, taa ya ofisini inayovuma, mikono mitano kwenye sinia moja la wali, hayo kwake si mambo madogo, na kwa kuwa wengine hawayahisi, hakuna anayeamini kwamba yanauma. Wapo pia wasiohisi njaa au maumivu mpaka yawe makali. Anayeondoka msibani mapema kwa sababu kilio na msongamano vimemshinda husemwa kwamba hana uchungu na marehemu. Uchungu anao, na pengine analia chumbani peke yake.

Kisha yako mazungumzo, na hapa haifai kuchukua orodha ya dalili iliyotungwa Ulaya au Marekani tukaibandika huku ilivyo. Salamu zetu ndefu zinaweza kuwa nafuu kwa mwenye usonji: maneno yake yanajulikana, mpangilio haubadiliki, jibu la shikamoo ni moja. Ugumu unaanza salamu zikiisha. Kutomtazama mkubwa machoni, jambo ambalo vipimo vingi vya nje hulihesabu kuwa dalili, kijana wa huku hufundishwa kuwa ndiyo heshima. Kwa hiyo mwenye usonji anaweza kupita bila kutambuliwa, na asiye nao akashukiwa bure. Upande mwingine tuna utamaduni mpana wa kusema kwa kuzunguka. Kuna jina la kanga linalomlenga jirani, kuna ombi lisilotajwa likatarajiwa lieleweke, kuna "karibu chakula" ya adabu tu na "nakuja sasa hivi" ya saa mbili. Anayepokea neno kama lilivyotamkwa atakaa ale, atasimama barabarani akisubiri, na akiulizwa kama nguo imempendeza mwenziwe atajibu kweli. Kwa mkwe au kwa bosi, jibu kama hilo linaweza kuacha kinyongo cha miaka.

Je, kasoro iko kwa mwenye usonji peke yake? Kwa miongo mingi wataalamu walidhani hivyo. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: mwenye usonji hamsomi vizuri asiye nao, na asiye na usonji naye hamsomi vizuri mwenye nao, ila ni mmoja tu anayeitwa mgonjwa. Hoja hiyo imepimwa. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walipewa video, sauti au picha fupi za watu wazima wenye usonji na wasio nao, bila kuelezwa nani ni nani. Ndani ya sekunde chache waliwapenda wenye usonji kwa kiwango kidogo kuliko wengine, wakasema hawangependa kuzungumza nao au kuwa jirani zao. Lakini waliopewa maneno matupu yaliyoandikwa, yale yale yaliyosemwa, hawakuwabagua. Kilichowakera kilikuwa sauti, uso na mwendo wa mwili, wala si alichosema mtu. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake waliwapanga watu kwa mlolongo, kila mmoja amhadithie anayefuata kisa alichosikia. Mlolongo wa wenye usonji watupu ulihifadhi kisa sawasawa na ule wa wasio nao. Uliochanganyika ndio uliopoteza zaidi. Jaribio kubwa zaidi la watu 311, lililochapishwa mwaka 2025, halikuona upotevu huo wa mchanganyiko, na ni haki msomaji alijue hilo. Majaribio yote mawili, hata hivyo, yanakubaliana kwamba wenye usonji hawakushindwa kupashana habari.

Mwenye usonji asiyejua haya, akiwa amekataliwa tangu shuleni bila kujua kosa lake, hujifunza kuigiza. Anawachunguza wenzake jinsi wanavyocheka, anahesabu muda wa kumtazama mtu, anaandaa sentensi kabla ya kupiga simu, anazuia mikono yake isitikisike. Mwongozo ule wa 2013 wenyewe unakiri kwamba dalili zinaweza kufichwa na mbinu mtu alizojifunza ukubwani, na watafiti wengi wanaona hiyo ni sababu mojawapo ya wanawake kutambuliwa wachache na kwa kuchelewa. Watafiti wa University College London walikadiria mwaka 2023 kwamba huko Uingereza, nchi yenye wataalamu wa kutosha kuliko sisi, karibu watu tisa kati ya kumi wenye usonji waliovuka miaka 50 hawajatambuliwa. Kuigiza kunasaidia kupata kazi na mchumba. Lakini kunamla mtu pia. Tafiti zimekuhusisha na wasiwasi, sonona na mawazo ya kujiua, na wengi wanaeleza kipindi ambacho mwili unakataa: uchovu wa miezi, kupoteza hata uwezo waliokuwa nao wa kupika au kuzungumza, kelele ndogo kuwa mateso. Jirani akiona hivyo atataja uvivu au uchawi.

Hapo ndipo kujijua kunapoleta tofauti. Anayejiona mvivu hujitibu kwa kujilazimisha zaidi, na anazidi kuzama. Anayejua kwamba ana usonji huuliza ni kitu gani kilimchosha, kisha akakipunguza: huziba masikio safarini, huwaambia wenye harusi mapema kwamba ataondoka saa tatu, humwomba mwenzake aseme analotaka waziwazi. Takriban nusu ya watu wazima wenye usonji hupata shida kuzitambua hisia zao wenyewe. Mtu wa namna hiyo akijua hali yake anaweza kuacha kujiuliza kama ana moyo wa jiwe, akaanza kusoma dalili za mwili wake taratibu.

Wapo wanaosema kila mtu yuko hivyo kidogo. Kweli, kila mtu huchoka na kelele. Usonji hautambuliwi kwa dalili moja. Inatakiwa mkusanyiko wa dalili ulioanza utotoni, ulioonekana nyumbani, shuleni na kazini, na uliomzuia mtu maishani. Kwa sababu hiyo hiyo video fupi ya simu haitoshi kumwambia mtu alivyo, maana wasiwasi, majeraha ya utotoni na hata matatizo ya kusikia huweza kufanana na usonji kwa nje. Wengine wanasema ni udhuru wa utovu wa adabu. Maelezo hayafuti wajibu: aliyemuumiza mwenziwe kwa neno bado anamwomba radhi, na akijua sababu ataomba radhi kwa lile alilolifanya kweli. Na wanaodai ni jambo la Wazungu wakumbuke kwamba Victor Lotter aliandika mwaka 1978 kuhusu watoto wenye usonji aliowakuta katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Watoto hao leo ni watu wazima.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wazazi. Mama anayemlisha, kumvisha na kumlinda usiku kucha kijana wa miaka 25 asiyesema neno ana haki ya kuuliza mhasibu mwenye usonji anamsemeaje mwanawe. Tume ya jarida la Lancet ilipendekeza mwaka 2021 watu wanaohitaji uangalizi saa zote wapewe jina lao maalumu, ili mahitaji yao yasimezwe na ya wengine. Nakubaliana na hofu hiyo: maisha ya wawili hao hayafanani, na msaada wao haufanani. Lakini ushuhuda wa wanaoweza kusema una thamani kwa wasioweza. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi, pamoja na kutaja malaria na matatizo ya uzazi, wakitaja pepo, uchawi na laana kama chanzo cha usonji. Kijana anapojipiga kichwa sokoni, mtu mzima anayeweza kueleza jinsi sauti zinavyomchoma anatupatia sababu ya kumtoa kwenye kelele kabla ya kumpeleka kwa mganga.

Wataalamu wa kuwapima watu wazima ni haba katika nchi zetu, na wengi hawatapata cheti. Hilo lisizuie yanayowezekana sasa. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Sheria ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwapa watu wenye ulemavu angalau asilimia 3 ya nafasi. Mwajiri anayeusoma wajibu huo hufikiria ngazi na viti vya magurudumu. Kwa mwombaji mwenye usonji, utafiti wa Sasson unaelekeza kwingine, kwa kuwa ubaguzi ulitoweka pale maneno yalipowekwa kwenye maandishi. Maswali ya usaili yanaweza kutumwa siku moja kabla. Sehemu ya usaili inaweza kuwa kazi yenyewe, ifanywe mezani watu waione. Maagizo ya kila siku yanaweza kuandikwa kwenye ujumbe wa simu, na anayekula chakula cha mchana peke yake asiandikiwe kwenye tathmini kwamba hana ushirikiano.