Sikukuu ya Vodun na sahihi ya Kérékou

Mtumishi wa serikali nchini Benin hupumzika Idd el Fitr, Idd el Hajj (huko wanaiita Tabaski) na Maulidi. Hupumzika pia Krismasi, Jumatatu ya Pasaka, Kupaa kwa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, Kupalizwa kwa Bikira Maria na Watakatifu Wote. Msururu huo wa Kikatoliki ni urithi wa Mfaransa, ambaye hujigamba kuwa dola lake halina dini, huku naye akifunga ofisi siku hizo hizo.

Sikukuu inayoitofautisha Benin na majirani zake huja Januari, nayo ni ya dini za jadi, hasa Vodun. Historia yake ina kichekesho.

Mathieu Kérékou alitwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1972. Miaka miwili baadaye akatangaza siasa ya Umaksi, na utawala wake ukawaandama makuhani wa jadi kwa madai ya uchawi na ushirikina. Mwaka 1990 mkutano wa taifa uliizika siasa hiyo, na mwaka uliofuata Nicéphore Soglo akamshinda Kérékou kwa kura. Februari 1993 serikali ya Soglo iliandaa tamasha kubwa la Vodun mjini Ouidah, bandari ya kale ambako watumwa walipakiwa melini kuelekea Brazil na visiwa vya Karibi, wakaondoka na miungu yao. Mwezi huohuo Papa Yohane Paulo II alikutana na viongozi wa Vodun jijini Cotonou.

Mwaka 1996 Kérékou akarudi Ikulu kwa kura, safari hii akiwa mlokole. Na ni katika urais wake huo ndipo sheria ya Agosti 1997 ilipoifanya Januari 10 kuwa sikukuu ya dini za jadi. Wokovu wake siutilii shaka, ila mwanasiasa hajui kusali bila kuhesabu wapigakura. Sensa ya 2013 iliwaweka Waislamu kuwa asilimia 27.7, Wakatoliki 25.5 na wafuasi wa Vodun 11.6. Takwimu hiyo ya mwisho huwapunja, kwa sababu wapo wengi wanaojiandikisha Wakristo na bado hawakosi kwenye tambiko la ukoo.

Ouidah penyewe, Hekalu la Chatu linatazamana na basilika ya Kikatoliki, barabara tu katikati. Sikukuu ikifika, ngoma huhamia ufukweni, damu ya mbuzi na kinywaji humwagwa kwa ajili ya miungu, na Zangbeto, walinzi wa usiku waliofunikwa nyasi kavu kuanzia utosini hadi chini, huzunguka kwa kasi katikati ya umati. Watu wa asili ya Afrika hutoka Marekani na Brazil kuja kushuhudia.

Patrice Talon, akiwa rais, aliiona fursa hiyo. Kuanzia 2024 serikali yake iliandaa tamasha liitwalo Vodun Days, lenye majukwaa na matamasha ya muziki, na sheria ya mwaka huo ikaongeza mapumziko yakawa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa. Biashara si dhambi, na Ouidah inahitaji ajira. Lakini imani iliyonusurika utumwani, ukoloni na Umaksi haikungoja wizara iipangie ratiba. Serikali ikitaka watalii, iwajengee hoteli. Ibada iwaachie makuhani.