Utangulizi: Mwanafunzi, Uchunguzi wa Kisayansi na Alama za Mtihani

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliingiza maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Swali likaingia maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Hadi leo wataalamu wanabishana, maana wapo wanaoyapata matokeo hayo na wapo wanaoyakosa.

Je, kijana wa miaka kumi na mitatu anaelewa ubishi wa namna hiyo unatoka wapi? Msomaji, karibu katika uwanja unaouliza hivyo. Kufanya jaribio hakutoshi. Kuelewa jinsi jaribio linavyozaa maarifa kunahitaji kufundishwa waziwazi na kujadiliwa darasani. Ndivyo walivyoshikilia watafiti Norman na Judith Lederman wa Chicago, ambao mwaka 2014, pamoja na wenzao, walitoa hojaji ya kupima uelewa huo, iitwayo VASI.

Swali lake moja lastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwanafunzi hupewa jedwali la mimea na dakika za mwanga iliopata kila siku, kisha huulizwa takwimu zinaonyesha nini. Kwenye jedwali, mimea iliyopata mwanga kidogo ndiyo iliyorefuka zaidi. Wapo wanaojibu kinyume, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mmea huhitaji jua. Wanayoyajua ni kweli, lakini hawakuusoma ushahidi uliowekwa mbele yao.

Sasa tutazame uhusiano wa uelewa huo na ufaulu wa mtihani. Mtihani unaodai majina ya sehemu za ua humpa alama hata asiyewahi kupima dai lolote. Tena, alama zikipanda pamoja na uelewa, si lazima kimoja kiwe kimezaa kingine. Huenda vyote vimebebwa na umahiri wa kusoma na kuandika. Kwetu Tanzania, ambako mtoto huacha Kiswahili cha shule ya msingi na kukuta Kiingereza sekondari, tahadhari hii ni nzito mno. Hojaji ya Kiingereza inaweza kupima lugha tukadhani tumepima sayansi, ndiyo maana mahojiano ya ana kwa ana hayaepukiki.

Mwalimu unayesoma kitabu hiki, wape wanafunzi wako jedwali kama lile la mimea kabla hujafungua sura ya kwanza, wajibu kwa lugha waipendayo, na uyahifadhi majibu yao.