Kanuni ya FIFA kuhusu mikopo ya wanasoka na mianya yake

MCHEZAJI wa Migori akikopeshwa kwa klabu ya Nairobi, hilo ni suala la Shirikisho la Soka Kenya (FKF). Lakini akivuka mpaka wa Isebania kwenda kusakata kabumbu Musoma, ambako ni karibu zaidi, kanuni za kimataifa za FIFA humwandama papo hapo.

Kanuni hizo, zilizoanza kutekelezwa Julai 1, 2022, zilinuia kuwazuia vigogo kama Chelsea, waliowahi kukopesha wachezaji zaidi ya 30 katika msimu mmoja. Mwanzoni klabu iliruhusiwa kutoa wanane na kupokea wanane. Tangu Julai 2024 ni sita. Baina ya klabu mbili hawazidi watatu, na aliyekopeshwa hawezi kukopeshwa tena kwa klabu ya tatu.

Hata hivyo, mianya ipo. Chipukizi waliolelewa na klabu yenyewe, wasiozidi umri wa miaka 21, hawahesabiwi. Isitoshe, klabu yaweza kumuuza mchezaji huku ikihifadhi haki ya kumnunua tena, jinsi Real Madrid ilivyofanya kwa Álvaro Morata, aliyehamia Juventus 2014 na kurejeshwa 2016. Kwenye karatasi huo si mkopo, ingawa kwa macho ya shabiki tofauti ni ndogo mno.

Kwa klabu za Migori, ambazo hazina sita wa kukopesha ng'ambo, kipengele chenye uzito ni kingine: mkataba wa maandishi unaotaja muda na malipo. Bila huo, kijana wa Awendo anayerejea nyumbani bila mshahara atataabika kuthibitisha ni klabu ipi anayoidai.